Chuo Kikuu Juu ya Buchari

Taabu ya kwanza ilinianza mwaka wa 1973, nikiwa na miaka tisa, nilipotolewa darasa la tatu nikapewa randa nishike upande mmoja. Hiyo niliishinda na sitaisimulia. Habari za baba na mama pia sitazieleza. Walizaa, wakafa, wamepumzika. Taabu ninayotaka kuieleza ilinianza mwaka wa 2016, nikiwa na miaka hamsini na mbili, nina karakana yangu Kawangware, nina vyumba vyangu vya kupangisha mtaani Kianda, na hakuna mtu aliyeniita kwa jina. Wote waliniita Fundi. Watu husema samaki mkunje angali mbichi. Mimi si mvuvi, mimi najua mbao. Mbao mbichi ukiikunja inakubali. Mbao kavu ukiikunja inapasuka, na mlio wake unausikia hadi ng'ambo ya barabara. Mwaka ule nilikuwa mbao kavu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi tulimzika Mzee Gatheru. Watu wa Kawangware wanamjua: mwenye ploti ile ya ghorofa tatu, buchari chini, mutura, soseji ya matumbo na damu, ikichomwa mlangoni, baa pembeni, na juu chochote kile kilichoweza kulipa kodi. Ibada ilifanywa kwake Riruta, chini ya mahema. Mahema yalikodiwa kwa mtu mwingine, lakini viti vilikuwa vyangu. Ni viti vya mbao vyenye ubao mdogo mkononi wa kuandikia. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliweka sahani yake ya wali juu ya ule ubao, akaugonga kwa kidole, akasema, "Huyu fundi alikuwa na akili, wallahi. Kiti imekuja na mahali ya sahani." Mbele, mshereheshaji alikuwa ameshika maikrofoni akipaza sauti: "Huyu mzee ndiye alituletea yunivasiti Kawangware! Nani mwingine alifanya hivyo? Mpigieni makofi!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama mikono yangu.

Ni kweli aliileta. Wakati ule serikali ilikuwa imeamua kila pembe ya nchi ipate chuo kikuu chake. Vyuo vya walimu vya huko mbali vilibadilishwa bango getini, asubuhi watu wakaamka wakakuta kijiji chao kina chuo kikuu. Kimoja cha namna hiyo, kule magharibi karibu na mpaka, kilikuwa na jina kubwa na mfuko mtupu. Kikafanya kama wenzake walivyofanya: kikafungua tawi Nairobi, kipate wanafunzi wa jioni wenye kazi za mchana. Kikampata Mzee Gatheru, na Mzee Gatheru akakipa ghorofa ya pili. Mkuu wa tawi alikuwa mtu mwembamba wa suti moja ya kijivu. Tulimwita Dakta, na sijui alikuwa daktari wa kitu gani. Alinipa kazi ya viti, na meza mbili ndefu za maktaba. Viti nilivitengeneza kwa mbao ya saiprasi. Zile meza nilizitengeneza kwa mti mgumu niliokuwa nimeuweka karakanani miaka mingi nikisubiri kazi inayoufaa. Niliona chuo kikuu kinaufaa. Mimi niliyeachia darasa la tatu, kama watu wangesomea digrii juu ya mbao yangu, basi na mimi nimepita humo.

Tena nilikuwa na mtu wangu mle ndani. Nafula, mtoto wa marehemu dada yangu, niliishi naye Kianda tangu akiwa msichana mdogo. Mchana alikuwa msaidizi katika shule ya watoto wadogo pale pale Kianda, jioni anapanda kwenda Kawangware kusomea ualimu. Mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho. Chumba chetu kilikuwa kimegawanywa kwa pazia, yeye na vitabu vyake upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Alikuwa akirudi tunakula ugali na sukuma, siku za Jumamosi matumbo, na huku akila alinisomea alichofundishwa. Alisema mtu hawezi kulijua jambo mpaka amweleze fundi mbao likaeleweka. "Anko, sikia hii," angesema, "mtoto hajifunzi kwa kuambiwa, anajifunza kwa kushika." Mimi namjibu, "Hiyo nayo inataka digrii?" Tunacheka. Ukuta wetu ulikuwa wa mabati na jirani alitusikia kila neno, basi naye hakukosa lake. "Nafula! Hiyo digrii ya juu ya buchari wanawapimia kwa kilo?" Na mke wake anadakia, "Mwambie atuletee ya mifupa, ya supu." Nafula aliwajibu kupitia mabati, "Mkinisikia nimevaa joho, msije kuomba kupigwa picha." Nilipenda alivyowajibu. Sikuwahi kumwambia hivyo. Nilikuwa mtu wa kusema kazi mbaya, kazi nzuri niliinyamazia.

Kisha serikali ikageuka. Ile ile iliyosema vyuo viongezeke sasa ikasema matawi yamezidi, mengine yako juu ya baa, na yatakaguliwa. Lisilo na maktaba na mahali pa maana litafungwa, na wanafunzi wake waende kusomea kwenye chuo chenyewe, huko kiliko. Redioni ilisikika kama kitu kizuri, na mimi siwezi kusema kilikuwa kibaya. Mtu akiniletea kabati limetengenezwa ovyo, mimi pia nalivunja. Lakini kabla ya kulivunja natoa nguo za watu.

Hapa ndipo palipoharibika, na sijapata mtu wa kumlaumu peke yake. Dakta alikuwa mwoga. Alipopata barua ya ukaguzi hakusema ukaguzi, alisema, "Alhamisi tuna wageni kutoka serikalini, wapokelewe vizuri." Neno wageni likamfikia Mzee Gatheru, na Mzee Gatheru alikuwa mtu wa kizamani. Kwake mgeni alikuwa mgeni. Mgeni hakalishwi penye harufu ya baa, hapewi maneno makavu, haondoki na njaa. Akachinja mbuzi wawili. Akawaita kina mama wa kanisani waje na masufuria na vitambaa vya kufuma. Akapanda juu kutafuta chumba cha heshima, na chumba kilichokuwa na mlango mzuri na dirisha la kuangalia mbali na baa kilikuwa kimoja tu, maktaba. "Hizi meza za Fundi ndizo za wageni," akasema. "Hizi vitabu zitoke." Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kukaza miguu ya viti, na aliposema meza za Fundi, kifua changu kilipanuka. Nilishika upande mmoja wa kitambaa nikamsaidia kukitandika.

Nafula alitukuta hivyo. Alikuwa ametoka kazini, na chaki kwenye sketi.

"Anko, mnafanya nini?"

"Tunaandaa meza ya wageni."

"Hao watu wanakuja kuangalia maktaba. Maktaba yenyewe. Hao si wakwe, Anko."

Mzee Gatheru akacheka, kicheko chake cha tumbo. "Msichana wewe, mtu akishashiba anakagua nini tena?"

Nafula akamgeukia Dakta. Dakta alikuwa amesimama mlangoni anajifuta shingo kwa leso. "Vitabu vikae wapi?" akauliza, kama yeye ndiye mgeni. Mzee akamwambia viende chini, buchari ina nafasi nyuma, magunia yapo. Vijana wa kukata nyama wakapanda, wakatoa vitabu, wakatoa na vilivyokuwa kabatini, wakajaza magunia. Kabatini mlikuwa na mitihani ya wanafunzi, miaka miwili, imefungwa kwa kamba. Nafula aliwafuata kwenye ngazi akisema, "Hiyo pole pole, hiyo ni mitihani." Walimwambia, "Sisi tunabeba ng'ombe mzima, madam. Hii karatasi itatushinda?"

Wakaguzi walikuja watatu, mkubwa wao mama mmoja wa makamo aliyevaa viatu vya kutembelea. Kina mama wa kanisa wakaimba. Mzee Gatheru, kofia mkononi, akawakaribisha mezani. Yule mama akasema asante, wamekula. Kwa Mzee Gatheru hilo lilikuwa kama kupigwa kofi, lakini akacheka akasema basi hata supu. Mama akauliza, "Maktaba iko wapi?" Dakta akasema, "Ni hapa." Mama akatazama sufuria, akatazama rafu tupu, akainua kitambaa akapitisha kiganja juu ya mbao. "Meza nzuri," akasema. Na mimi nilifurahi. Katika siku ile yote, nilifurahi! Dakta akasema vitabu vipo, viko salama, na akafanya kosa la kumwonyesha. Tukashuka sote. Nyuma ya buchari magunia yalikuwa yameegemezwa ukutani, ng'ombe aliyechunwa akining'inia juu yake. Mama akafungua gunia moja, akatoa karatasi zilizofungwa kwa kamba.

"Na hii?"

"Mitihani," Dakta akasema.

Alizirudisha taratibu, akafunga mdomo wa gunia kama mtu anayefunika maiti. Hakuandika kitu mbele yetu. Nyama ililiwa na wanafunzi, na wapita njia, jioni ile hakukuwa na darasa na watu walicheka sana. Nafula hakula. Alikaa kwenye kiti kimoja cha nyuma, mkono wake juu ya ubao wa kuandikia, akitutazama tukila.

Tawi lilifungwa kabla mvua hazijaisha. Wanafunzi waliambiwa waripoti chuoni kwenyewe, wenye kazi na wasio na kazi, wenye watoto na wasio na watoto. Simu ya Dakta ikawa haipatikani. Mzee Gatheru akatia kufuli ghorofa ya pili mpaka apate mpangaji mwingine, na mimi nilibaki chini nauliza viti vyangu ambavyo hakuna aliyenilipa. Magunia yakakaa yalipokaa. Hakuna aliyeyafikiria. Mimi nilifikiria viti.

Jumamosi moja nilinunua matumbo pale pale. Nafula aliyafungua juu ya meza yetu, nikamwona amesita. Karatasi iliyofungia nyama ilikuwa na maandishi ya kalamu ya buluu, na alama nyekundu ya vema pembeni. Mimi kusoma kwangu ni kwa taabu, lakini ile alama hata aliyeachia darasa la tatu anaijua. Aliinyoosha kwa vidole, damu ikasambaa. "Hii ni saikolojia ya mtoto," akasema. "Mwaka wa pili. Huu ni mwandiko wa Akinyi, tulikuwa tunakaa pamoja." Hatukupika. Tulitoka Kianda tukaenda moja kwa moja hadi Kawangware, yeye mbele, hakugeuka hata mara moja kuona kama namfuata.

Mzee Gatheru alikuwa amekaa mlangoni na glasi ya chai. Sijamwona mtu akishangaa hivyo. "Hizo karatasi? Si chuo kilikwisha? Vijana waliishiwa na gazeti, nikawaambia watumie." Aliinuka mwenyewe, akatuonyesha. Lilibaki gunia moja, nusu, chini yake limelowa. Mengine yalikuwa yameshaingia majumbani mwa watu na nyama, yakawashia watu jiko. Mzee aliona uso wa Nafula. Akamwambia mkata nyama, "Mpatie madam kilo mbili za steki, ya bure." Alikuwa hajui njia nyingine ya kuomba msamaha. Nafula akabeba gunia, akaiacha nyama juu ya kaunta.

Alizitandaza sakafuni kwangu karakanani, katikati ya maranda, moja moja. Zake hazikuwemo hata moja. Nilimwambia haidhuru, alama si ziliandikwa mahali, chuo kikubwa hakiwezi kuwa na kumbukumbu moja. Alinitazama. "Dakta hakuwahi kupeleka alama, Anko. Alikuwa anasema atapeleka zote pamoja." Hata hivyo alizikausha zile za wenzake juani, akazipanga, akazifunga upya kwa kamba. Alisema kama yeye hana, wao wanazo.

Nilimpeleka mwenyewe. Tulikuwa tumesikia wanafunzi kule wanalala chini, basi nikamtengenezea kitanda cha kufungua na kufunga, tukakipakia juu ya basi. Chuo chenyewe kilikuwa na geti kubwa kuliko chuo. Nasema kama fundi: chuma kile cha geti kingeezeka madarasa. Ndani mahindi, ng'ombe, nyumba za zamani za chuo cha walimu zilizopakwa rangi mpya, na jumba moja refu lisilo na paa lenye jiwe la msingi lililong'arishwa. Mwalimu alikuwa akifundisha humo humo. Wanafunzi walikaa juu ya mawe ya kujengea, daftari magotini, wengine wamesimama. Nilihesabu kichwani viti vyangu vilivyofungiwa Kawangware, nikaacha kuhesabu.

Ofisini tulipanga foleni mpaka mchana. Karani alikuwa mama mwenye sauti ya uchovu, na nyuma yake wenzake wawili walikuwa wanaongea bila kushusha sauti. "Hawa ni wale wa Kawangware?" "Wale wa mbuzi." "Ati maktaba waliifanya hoteli!" "Na bado wanataka joho." Karani akamwambia Nafula, "Jina lako liko. Alama zako hazipo. Utarudia hiyo miaka miwili." Nafula hakubishana. Akaweka furushi la karatasi juu ya meza, akasema, "Hizi ni za wenzangu. Zao zipo." Karani akalifungua kidogo, akanusa, akalisukuma kwa ncha ya kalamu. "Dada, hizi zina damu. Makaratasi ya nyama hatuwezi kupokea hapa."

Nilipiga meza yake kwa ngumi. Ilikuwa meza ya mbao za kubandika kwa gundi, ikayumba. Nikasema mengi, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu, mpaka askari wa geti akaja akanishika mkono, akaniita mzee kwa heshima, akanitoa. Nje Nafula aliniambia, "Sasa wananijua mimi ni wa mbuzi na wa ngumi."

Kwa hivyo nikafunga kitanda. Chumba alichopata nje ya geti kilikuwa kinu cha posho zamani, unga umeshika ukutani, wasichana wanne na dirisha moja. Nilikaza misumari, nikakitikisa, hakikulia. Nikamwambia, "Hiki hakivunjiki." Akasema, "Asante, Fundi." Nilidhani anatania. Nilirudi Nairobi na tanuri la maneno kifuani, na lile neno katikati.

Alivumilia muda, kisha akarudi kabla mwaka haujageuka, mwembamba, kikohozi cha unga kwenye kifua. Shuleni Kianda nafasi yake ilikuwa imechukuliwa. Wale waliokuwa wakimtania kupitia mabati hawakumtania, wakaleta uji kwenye bakuli lililofunikwa, na hilo ndilo lililomliza. Kurudia ile miaka miwili hakurudia. Baadaye shule ilimchukua tena, msaidizi vile vile, na mpaka leo ni msaidizi, chini ya msichana aliyezaliwa juzi mwenye cheti. Tunaongea vizuri. Ananiletea chai, ananiuliza mgongo. Lakini Anko hajaniita tena. Ananiita Fundi, kama wateja.

Mimi nimefikiri sana, na elimu yangu ni ndogo, lakini nimefika hapa: ile sheria ingetufunga hata bila mbuzi. Maktaba ya rafu nne si maktaba, yule mama alikuwa sahihi. Lakini mitihani ingekuwa kabatini. Huko juu waliojenga chuo kwa bango na kukifunga kwa barua hawakuuliza kabatini mna nini. Na sisi tulioulizwa na msichana mmoja mwenye chaki kwenye sketi, tulikuwa tunatandika kitambaa.

Pale Riruta juzi walinipa maikrofoni. "Fundi naye aseme kitu, alikuwa rafiki ya mzee." Nikasimama. Niliona viti vyangu vyote, na sahani juu ya kila ubao. Nafula hakuja. Nilisema sentensi moja ambayo hakuna awezaye kuipinga: "Mzee Gatheru hakuwahi kumwacha mgeni na njaa." Watu wakapiga makofi, nikakaa.

Leo nina karakana Kawangware, ya mabati mapya, na msumeno wa umeme. Nina vyumba sita Kianda, vyote vina watu. Nina shamba dogo nyumbani Bungoma, limepandwa mahindi. Nina viti vya chuo kikuu, nilivitoa mwenyewe kwa Mzee Gatheru kufuli ilipofunguliwa, navikodisha kwa matanga na harusi. Meza mbili za maktaba ninazo lakini siko nazo, ziko darasani kwa Nafula, watoto wanamwagia uji juu yake na mbao haijapinda. Furushi moja la karatasi, limefungwa kwa kamba, liko juu ya kabati, Akinyi na wenzake hawajaja kulichukua. Digrii, hakuna.